Saa kumi na mbili za mafunzo kwa mabinti wa Tanga

Kwa: Mkuu wa Mkoa wa Tanga, Afisa Elimu wa Mkoa, Wakurugenzi wa Halmashauri zote za mkoa, Wakuu wa Shule za Sekondari na Wakuu wa Vyuo

Yah: Ombi la kuingiza mafunzo ya kujilinda na kujiamini katika ratiba za shule na vyuo

Waheshimiwa,

Nawasalimu nyote kwa heshima, kila mmoja kwa salamu ya dini yake.

Alasiri moja mwaka jana, msichana wa kidato cha tatu alipiga hodi kwangu Makorora akiwa bado na sare ya shule. Nikamkaribisha. Akaja moja kwa moja akaketi mkekani na viatu miguuni. Ninyi ni wenyeji, mnajua kuwa mtoto aliyelelewa mjini kwetu hakanyagi mkeka na viatu. Kabla hajafungua kinywa nilishajua kuna jambo. Nikampa maji, akanywa, kisha akaniuliza: "Bibi, kwani nimekosea?"

Alikuwa ametoka kushuka kwenye daladala ya Pongwe. Alikaa kiti cha nyuma, amebanwa kati ya dirisha na mzee wa umri wa babu yake. Gari lilipoondoka kituoni, mkono wa yule mzee ukatua pajani kwake. Binti akasogea, mkono ukamfuata. Akaweka begi la madaftari katikati, mkono ukapita chini ya begi. Ndipo akafanya kama tulivyomfundisha katika mazoezi ya kujilinda ya kila Jumamosi uani kwangu. Alimgeukia mzee, akamtazama usoni, akasema taratibu, bila tusi, kwa sauti ya kusikika hadi kwa dereva: "Ondoa mkono wako kwenye paja langu."

Gari likanyamaza. Mkono ukaondoka, mzee akageuza uso. Hadi hapo binti alikuwa ameshinda. Lakini mwanamke mmoja, mtu mzima, kiti cha mbele yao, akageuka akamwambia: "Mtoto wa kike huna hata haya, unamwaibisha mtu mzima mbele za watu!" Konda akacheka. Abiria wengine walitazama nje. Binti akashuka vituo viwili kabla ya kwake, akatembea kwa miguu hadi kwangu.

Nilimwambia hakukosea. Nilimwambia kuwa kumgusa mtu namna ile ni kosa la jinai katika Kanuni ya Adhabu ya nchi hii, na kwamba sheria iliyokaza makosa ya kujamiiana ilitungwa tangu 1998, yeye hajazaliwa. Alinisikiliza, akavua viatu, akala. Lakini nilibaki na deni. Sisi tulimfundisha mtoto kusema, na aliposema, watu wazima waliokuwemo hawakuwa wamefundishwa kusikia. Deni hilo siwezi kulilipa mimi peke yangu, ndiyo maana nawaandikia.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Nimefanya kazi zahanati na hospitali humu humu mkoani, na kwa miaka mingi nilikuwa upande ule wa mambo ambapo tukio limeshatokea. Nimepokea wasichana wakiletwa na mama, na shangazi, mara moja na mwalimu aliyekuwa akilia kuliko mwanafunzi wake. Wengi waliletwa wamechelewa. Wengine walikuwa wameshaogeshwa na nguo zimefuliwa, kwa nia njema kabisa, kwa sababu mama akimwona mwanawe katika hali ile jambo la kwanza analotaka ni kumsafisha. Ushahidi ukaenda na maji. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU baada ya tukio hutakiwa zianzwe ndani ya saa 72, na kila saa inayopita hupunguza nguvu yake. Nimeshapokea binti siku ya tano. Siku nne zile zilipotea kwenye kikao cha wazee wa familia mbili, wakijadiliana jinsi ya kulimaliza jambo nyumbani.

Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanywa 2009 na kutolewa 2011, ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya kila 10 nchini walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Darasa la kidato cha pili lenye wasichana 40, hesabuni wenyewe. Mimi nilipoisoma takwimu ile sikushangaa, kwa kuwa nilikuwa nazijua sura zao.

Nilipostaafu nikaamua kuhamia upande wa pili, ule wa kabla. Binti wa jirani yangu alikuwa amerudi kutoka Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) na ujuzi wa judo, na hana kazi. Nikamwambia, njoo uwafundishe hawa watoto wa mtaani, uwanja ni uani kwangu, chai na mihogo nitatoa mimi. Tulianza na wasichana sita. Sasa huja 19 kila Jumamosi asubuhi, wengi wa sekondari na watatu wa chuo. Vifaa vyetu ni mikeka miwili na gunia la katani tulilolijaza makumbi ya nazi, tukalining'iniza kwenye tawi la mkungu.

Naomba niwaeleze tunachofundisha, maana watu wengi wakisikia "mafunzo ya kujilinda" huona picha ya sinema, msichana anaruka hewani anawaangusha wanaume wanne. Hakuna kitu kama hicho. Chukueni mfano wa kushikwa mkono, jambo linalowapata wasichana wetu kila siku kwenye vijiwe. Mtu akikukamata kifundo cha mkono, silika yako ni kuvuta nyuma. Ukivuta, unashindana na nguvu zake zote, na wewe ndiye utakayechoka. Lakini mtazame anavyokushika: vidole vinne upande mmoja, kidole gumba peke yake upande wa pili. Pale gumba linapokutana na vidole ndipo penye mlango. Unageuza mkono wako ili upande wake mwembamba uelekee pale, unakunja kiwiko na kupandisha kiganja kuelekea sikio, huku mguu mmoja ukirudi nyuma. Mkono unatoka. Binti wa kilo 42 anautoa kwenye mkono wa baba mzima, nimeona kwa macho yangu, baba mwenyewe alikuwa shemeji yangu. Ukishatoka, kazi yako ni kukimbilia penye watu. Gunia tunalipiga kwa kitako cha kiganja na kwa kiwiko, si kwa ngumi, kwa sababu ngumi ya asiyezoea huvunja vidole vyake mwenyewe.

Hayo ya mikono huchukua muda mfupi. Kinachotuchukua muda ni sauti.

Kulikuwa na msichana wa kidato cha pili, mpole, mtoto wa pekee kwao. Jumamosi tatu mfululizo alishindwa kupiga kelele. Alifungua mdomo, akajaribu, ikatoka sauti ya mtu anayemwita paka. Akatuambia: "Bibi, kwetu nikipaza sauti napigwa." Mwalimu wetu, yule binti wa judo, hakumlazimisha. Alimwekea kiganja chake mwenyewe tumboni, chini ya kitovu, akamwambia avute pumzi mpaka kiganja kisukumwe, kisha aseme neno moja tu, "Acha!" Jumamosi ya nne likatoka. Kuku wa jirani walitawanyika, na jirani mwenyewe akatokea uchochoroni na mchi wa kinu mkononi akiuliza nani anauawa humu. Hatukumcheka. Tulimshukuru, tukamkalisha, tukampa chai, na nikawaambia wale watoto mtazameni mama huyu vizuri, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa. Binti akipiga kelele, mtu atoke na mchi.

Waheshimiwa, ombi langu zima limo katika uchochoro ule. Nataka kila msichana wa sekondari na wa chuo katika mkoa huu afundishwe kutoa ile sauti, na nataka watu wazima wanaomzunguka wafundishwe kutoka na mchi.

Naomba kila msichana apewe saa 12 za mafunzo. Sikuipata namba hii kichwani mwangu. Wenzetu Nairobi waliwafundisha wasichana wa sekondari wa mitaa ya mabanda vipindi sita vya saa mbili mbili, yaani saa 12, kisha vipindi vifupi vya kukumbushana katika miezi iliyofuata. Matokeo yalichapishwa 2013. Wasichana walikuwa 522 kwa jumla. Kwa waliopata mafunzo, waliosema wamefanyiwa ukatili wa kingono katika mwaka walishuka kutoka asilimia 24.6 hadi 9.2. Kwa kundi ambalo halikuyapata, hali ilibaki karibu pale pale. Na zaidi ya nusu ya waliofundishwa walisema wametumia walichojifunza kuepa shambulio.

Huko Kanada, mwanasaikolojia Charlene Senn na wenzake walifanya jaribio katika vyuo vikuu vitatu kwa wanafunzi 893 wa kike wa mwaka wa kwanza. Vipindi vinne vya saa tatu tatu. Hizo nazo ni saa 12. Matokeo yalitoka 2015: ndani ya mwaka mmoja, waliobakwa katika kundi lililofundishwa walikuwa asilimia 5.2, na katika kundi lililopewa vijarida vya kusoma tu asilimia 9.8. Mazingira tofauti kabisa, mabanda ya Nairobi na mabweni ya Kanada, na saa ni zile zile.

Kuna jambo katika mafunzo ya Kanada ambalo mimi kama mtu wa pwani liliniingia sana. Hawakuanza na mapigo. Walianza na kutambua hatari, kisha wakaja kwenye kukubali kwamba hatari ipo hata inapotoka kwa mtu unayemjua na kumheshimu, ndipo wakafika kwenye kutenda. Hapo katikati, pa kukubali, ndipo mabinti zetu wanapokwama. Mtu asiyejulikana akikurukia gizani, hakuna anayehitaji kufundishwa kuwa huyo ni adui. Lakini wengi wa niliowapokea hospitalini hawakufanyiwa na mtu wa gizani. Alikuwa mpangaji wa nyumba ile ile, binamu aliyekuja likizo, mwalimu wa tuisheni, bodaboda anayempeleka shule kila siku na ambaye mama mtu alimwamini kwa sababu "ni kijana wetu". Binti anajua moyoni kuwa jambo haliko sawa, ila amelelewa asimvunjie mtu mzima heshima, asikatae salamu, asiseme hapana mara mbili. Anasubiri kuwa na hakika, na akishakuwa na hakika amechelewa.

Sisemi kuona haya ni kitu kibaya. Nimelelewa nayo na nimewalea wanangu nayo. Nasema haya hiyo ilikusudiwa kumlinda binti, na siku hizi wapo wanaoitumia kama kamba ya kumfungia.

Na kwa Tanga jambo hili lina uzito wake wa pekee. Kila anayetoka mkoa huu anajua, ukifika mahali ukasema kwetu Tanga, watu hutabasamu, yanaanza mambo ya mahaba na lugha tamu. Mtu mzima anaweza kulipokea kama utani wa makabila. Lakini tabasamu lile lile humshukia mtoto wa miaka 15 aliyesimama na sare kituoni Kange. Madereva wa masafa, wageni wa kazi za muda, wanakuja wakiwa wameshasadiki kuwa binti wa hapa "ni mwepesi". Mwanangu alipokuwa chuo mkoa mwingine, mhadhiri alimwambia mbele ya darasa kuwa wa Tanga hafundishwi, amezaliwa anajua. Darasa likacheka. Alimaliza mwaka ule akiwa anakaa kiti cha nyuma kabisa.

Niliseme na hilo la vyuo, kwa sababu huko binti hashikwi mkono, anashikwa alama. Ana supu mbili, yaani mitihani ya kurudia, anaogopa kudisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli, anaambiwa aje ofisini jioni "tuangalie karatasi yako". Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 25, inamtaja wazi mtu mwenye mamlaka anayedai ngono ili kutoa ajira, cheo, haki au upendeleo, na ilipotungwa ilimpa kifungo kisichozidi miaka mitano au faini isiyozidi shilingi milioni tano, au vyote. TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa, wana namba ya bure, 113. Lakini sheria haisaidii kwa yule aliyesimama mlangoni, moyo unamwenda mbio, hajui aseme nini. Wale wasichana watatu wa chuo wanaokuja kwangu, sisi hatuwapigishi gunia sana. Tunawaigizisha. Mmoja anakuwa mhadhiri, mwingine mwanafunzi. "Mwalimu, nitakuja saa nne asubuhi na mwenzangu." "Mwalimu, naomba mlango ubaki wazi." "Mwalimu, nakuomba hilo uniandikie kwenye ujumbe." Mara ya kwanza sauti hutetemeka, wanaangalia chini, wanacheka kwa aibu. Mara ya kumi na tano wanayasema kama mtu anayeagiza chapati. Mmoja wao alinieleza kuwa aliyasema kweli, kwa mtu wa kweli, na karatasi yake ikasahihishwa upya na kamati ya idara. Walipomuuliza aliipata wapi jeuri ile, akasema hakuwa na jeuri, alikuwa amezoea maneno.

Wala si jambo la kuazima kwa watu. Programu iitwayo "Tuseme" ilianza hapa hapa Tanzania mwaka 1996, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kazi ya maprofesa Penina Mlama na Amandina Lihamba. Wasichana wa sekondari walitumia maigizo kusema yanayowasibu shuleni, na baadaye nchi nyingine za Afrika zikaichukua. Na kabla ya hiyo, bibi zetu walikuwa na somo na kungwi. Msichana alipofikia umri, alikabidhiwa mwanamke mtu mzima asiye mama yake, ambaye angeweza kumwuliza asiyoweza kumwuliza mama. Tunaweza kubishana juu ya yaliyofundishwa unyagoni. Ila kule kuwa na mtu mzima mmoja aliyekabidhiwa rasmi kumsikiliza, hilo tulikuwa nalo, na leo mwanafunzi wa bweni mwenye matroni mmoja kwa wasichana mia mbili hana.

Kuna wanaoniambia kuwa ninawabebesha watoto mzigo wa wakosaji, kwamba badala ya kumfundisha msichana kujilinda tuwafundishe wanaume kuacha. Nakubaliana nao nusu. Wavulana wafundishwe, na Nairobi waliwatengenezea wavulana mafunzo yao. Waanze kidato cha kwanza, kabla kijiwe hakijawafundisha. Lakini kesho asubuhi saa kumi na moja kuna mtoto atatoka Maweni kwenda shule, konda atamsukuma asipande kwa sababu nauli ya mwanafunzi haimlipi, na bodaboda atamwambia panda, utalipa siku nyingine. Siwezi kumwambia mtoto huyo asubiri wanaume wote wa mkoa wamalize kufundishwa.

Ila hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu mafunzo mabaya yana madhara. Mwili wa binadamu ukishikwa na hofu kuu una kawaida ya kuganda. Sauti haitoki, miguu haiendi. Haimaanishi amekubali, na wala si udhaifu wa tabia, ndivyo mishipa ya fahamu inavyofanya kazi. Msichana aliyeganda asije akaambiwa na mtu yeyote, hata na mwalimu wake wa kujilinda, "mbona hukutumia tulichokufundisha?" Kanuni ya Adhabu yenyewe, katika kifungu cha 130, inasema alama za kupambana mwilini si lazima ili kuthibitisha kuwa hapakuwa na ridhaa. Anayeweza kupambana, kifungu cha 18 kinampa haki ya kujitetea kwa nguvu ya kadiri inayohitajika. Asiyeweza, sheria haimwachi. Haya mawili yafundishwe siku moja, na mtu mmoja, katika saa moja.

Mwalimu wa mafunzo haya atagusa miili ya watoto. Atawashika mikono, mabega, shingo. Kwa hiyo awe mwanamke, awe amechunguzwa, na asiachwe peke yake na mwanafunzi. Nimeshasikia ya makocha. Bora mafunzo yachelewe mwaka mzima kuliko kumkabidhi mtu kwa haraka kwa sababu ana mkanda mweusi.

Baba mmoja wa mtaani kwetu alikuja kuniuliza, kwa adabu kabisa, nani atawaoa hawa tukishawafundisha kupigana. Nilimkaribisha akae atazame. Aliona binti yake na mtandio wake kichwani, suruali ya mazoezi na shati la mikono mirefu, uani kwa mwanamke mwenzake, ukuta pande zote. Alikaa saa nzima. Alipoondoka aliacha elfu tano ya sukari.

Kuhusu fedha, sitaki kuwachosha. Shule zina alasiri za michezo, na kila shule inatakiwa kuwa na mwalimu wa malezi na ushauri. Chukueni walimu wawili wa kike kwa kila shule, wafundishwe likizo ya Juni katika chuo chochote cha ualimu mkoani, wapewe nauli na chakula. Makumbi ya nazi na katani Tanga hatununui kutoka nje. Anzeni na kidato cha pili na mwaka wa kwanza wa chuo, halafu muende mnapanua. Wasichana viziwi na wasioona msiwaweke mwisho wa orodha, wao hulengwa zaidi kwa sababu mkosaji anadhani hawatamtambua au hawataeleweka.

Kisha toeni saa mbili kwa watu wazima. Saa mbili kwa walimu wote wa shule, wa kike na wa kiume. Saa mbili kwa makondakta na madereva kupitia vyama vyao, na kwa bodaboda kijiwe kwa kijiwe. Saa mbili kwenye kikao cha wazazi, badala ya hotuba za michango. Wafundishwe mambo machache: mtoto akisema ameguswa, usimwulize alivaa nini wala alikuwa anakwenda wapi. Asiogeshwe, nguo zake zisifuliwe. Apelekwe hospitali siku ile ile, na kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Namba 116 ya huduma kwa mtoto ni bure, iandikwe ukutani kwa rangi kwenye kila darasa na ndani ya kila daladala, mahali ambapo leo kuna stika za timu za mpira. Na familia ikikaa kikao cha kulimaliza nyumbani, mwenyekiti wa mtaa ajue kuwa hana mamlaka ya kukaa kwenye kikao hicho.

Nawaza mara nyingi juu ya yule mwanamke wa kwenye daladala. Sina hasira naye. Umri wake ni kama wangu, na huenda na yeye alipokuwa na sare alikalishwa karibu na dirisha, akanyamaza, na hakuna aliyemwambia kuwa angeweza kusema. Angepewa saa zile mbili, nadhani angegeuka vile vile kwenye kiti chake, ila angemgeukia mzee.

Yule binti wa kidato cha tatu bado anapanda daladala ile ile. Bado anakuja Jumamosi. Sasa yeye ndiye anayewashika wadogo viganja tumboni na kuwahesabia pumzi.

Jumamosi ijayo tunaanza saa mbili asubuhi. Naomba mtume mtu, Afisa Elimu mwenyewe akiweza, na awe mwanamke kwa sababu ya desturi ya uani. Akishuka kituoni aulize mtoto yeyote nyumba ya bibi mwenye gunia. Na akisikia kelele kabla hajafika, asiogope, apige hodi tu aingie.

Wenu mtiifu,

Muuguzi mstaafu
Makorora, Tanga